Chupa ya mvinyo mwekundu wa kukaa miaka: kuitunza, kuifungua na kuimimina ukiwa Arusha au Moshi

Maswali ni yale yale. Mtu amepewa chupa ya Bordeaux, mvinyo wa eneo hilo la Ufaransa, na mgeni wa safari, au ndugu kashuka nayo uwanja wa ndege wa KIA, na sasa anauliza: niiweke kwenye friji? Imeisha muda? Mbona chini kuna uchafu? Mbona kizibo kimekatika nusu? Wengine ni wahudumu wa lodji waliokabidhiwa chupa ya thamani kubwa saa mbili kabla ya chakula cha usiku. Majibu yamepangwa hapa kufuata kazi yenyewe, tangu chupa inapofika mkononi hadi inapoingia kwenye glasi.

Shika hili kwanza: mvinyo wa aina hii umetengenezwa ukae miaka, lakini ukae kwenye ubaridi usiobadilika. Chupa inayoweza kukaa miaka 30 kwenye ghala la shambani kwao Pauillac, huko Bordeaux, haitakaa hata mitatu kwenye kabati la jikoni Moshi. Joto huiharakisha kuzeeka, na huizeesha vibaya. Ndiyo maana ushauri wetu mara nyingi utakuwa mmoja: kama huna pa kuitunza, inywe mapema na uinywe kwa heshima zote.

Kwanza hakikisha ni chupa ya aina hiyo

Soma lebo kwa utulivu. Kwa Bordeaux, mashamba mashuhuri ya upande wa Médoc yalipangwa kwa madaraja matano mwaka 1855. Daraja la kwanza lilikuwa na Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion (hili la mwisho liko Graves, si Médoc), na Mouton Rothschild likapandishwa mwaka 1973. Chini yao kuna mashamba ya daraja la pili hadi la tano ambayo nayo hutoa mvinyo wa kukaa sana, kama Léoville Barton la Saint-Julien au Lynch-Bages la Pauillac. Nje ya Bordeaux, Barolo ya Italia na Rioja Gran Reserva ya Hispania zinaingia kundi hili, pamoja na chupa za Afrika Kusini kama Kanonkop Paul Sauer na Meerlust Rubicon, ambazo huku kwetu ni rahisi zaidi kukutana nazo.

Mambo mawili huwachanganya wengi. La kwanza, mwaka ulioandikwa mbele ni mwaka zabibu zilipovunwa. Hauna uhusiano wowote na muda wa kuisha. La pili, mashamba makubwa hutoa pia mvinyo wa pili wenye jina linalofanana: Carruades de Lafite, Les Forts de Latour, Pavillon Rouge du Château Margaux. Ni mvinyo mzuri, ila kwa kawaida huiva mapema kuliko ule mkuu wa shamba, kwa hiyo usiupangie miaka ile ile.

Mvinyo wa kawaida wa mezani, pamoja na chupa nyingi za Dodoma zilizoko madukani, umetengenezwa unywewe ukiwa bado mbichi, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Huo fungua tu unywe. Hatua hizi hazikuhusu.

Vitu vya kuandaa

- Kipimajoto cha kawaida cha maji, kinachoonyesha angalau nyuzi 5 hadi 40.
- Kizibuo cha mhudumu, kile cha kukunja chenye skrubu na mguu wa kuegemea mdomo wa chupa. Skrubu iwe ya waya uliozungushwa wenye uwazi katikati. Zile nene kama msumari wa bati hutoboa kizibo na kukisaga.
- Kwa chupa yenye zaidi ya miaka 20, kizibuo cha bapa mbili, kile kisicho na skrubu ambacho huingia pembeni ya kizibo.
- Dekanta (chombo cha kioo cha kuhamishia mvinyo), au jagi la kioo la lita moja na nusu. Jagi la plastiki hapana, huwa limeshika harufu ya juisi ya jana.
- Tochi ya simu.
- Chujio la chai lenye matundu madogo, na kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa kwa maji matupu bila sabuni.
- Glasi kubwa zenye tumbo, mdomo ukiwa mwembamba kuliko tumbo.
- Ndoo, maji na barafu.

Nusa glasi na jagi kabla ya kuvitumia. Harufu ya sabuni, ya klorini au ya kabati lenye unyevu itaingia moja kwa moja kwenye mvinyo. Suuza kwa maji ya kunywa, pindua vikauke, usifute ndani kwa taulo la jikoni.

Kuipokea na kuitunza

1. Kagua chupa siku inapofika. Isimamishe kwenye mwanga uangalie mvinyo umefika wapi. Kwa chupa ya Bordeaux, yenye mabega yaliyosimama, mvinyo wa miaka 10 au 15 unapaswa kuwa bado ndani ya shingo. Chupa ya miaka 30 ikishuka hadi mwanzo wa bega, ni hali ya umri. Ikiwa imeshuka hadi katikati ya bega, hewa imeingia kiasi cha kutia shaka, na chupa changa yenye usawa huo ilitunzwa vibaya. Kisha papasa juu ya kofia ya chupa: kizibo kikiwa kimevimba kwenda juu, au kuna michirizi ya kunata shingoni, chupa hiyo ilipata joto ikavuja. Ya namna hiyo usiiweke tena. Ifungue wiki hizi hizi.

2. Iache ipumzike baada ya safari. Wiki mbili zinatosha kwa chupa changa, na mwezi kwa yenye mashapo. Ukitoka nayo KIA isipande kwenye buti kisha ikashinda juani wakati unapitia sokoni. Gari lililofungwa linaweza kuipika mchana mmoja.

3. Pima joto la nyumba yako kabla ya kuamua. Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Wanasema "chumba hiki kina ubaridi" kwa sababu waliingia asubuhi. Chukua chupa tupu ya mvinyo, ijaze maji, iweke mahali unapofikiria, na utumbukize kipimajoto ndani saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni kwa wiki nzima. Maji yatakuambia joto ambalo mvinyo wenyewe utalihisi, ambalo ni tofauti na la hewa. Andika namba zote mbili. Tofauti kati ya asubuhi na jioni ni muhimu kama joto lenyewe, kwa sababu mvinyo ukipanuka na kusinyaa kila siku husukuma na kuvuta hewa pembeni ya kizibo.

Makadirio tunayotumia ni haya:

- Nyuzi 12 hadi 14 zisizobadilika: tunza kwa miaka yote ambayo mvinyo unastahili.
- Nyuzi 18 hadi 20 zisizoyumba: mvinyo wenye nguvu utavumilia miaka miwili, mitatu.
- Nyuzi 24 au 25: hesabu miezi.
- Zaidi ya 28: tafuta sababu ya sherehe mwezi huu.

Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, inakusaidia kidogo. Kuanzia Juni hadi Agosti chumba cha ndani chenye kuta nene hutulia vizuri. Moshi iko chini zaidi, na kati ya Januari na Machi mchana hupita nyuzi 30. Chupa iliyokaa vizuri Julai inaweza kuharibika Februari ndani ya chumba kile kile, kwa hiyo ukipima mwezi wa baridi, rudia kupima wakati wa jua kali.

4. Chagua mahali. Sakafuni, si juu ya kabati, kwa kuwa hewa moto hupanda. Epuka ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni, chumba kisicho na dari chini ya bati, jikoni, na karibu na friji inayotetemeka. Pawe giza. Njia rahisi yenye msaada wa kweli ni deli: lile boksi la kuhifadhia barafu au samaki, jipya au lisilo na harufu kabisa. Laza chupa ndani, zungushia chupa sita au nane za maji, funika, weka juu ya saruji. Deli halipoozi chochote, ila linazuia joto kupanda na kushuka kila siku, na maji yanaongeza uzito wa kuzuia mabadiliko. Usiweke barafu humo. Ikiyeyuka na kurudishwa unakuwa umetengeneza yale yale unayoyakimbia.

5. Ilaze, lebo juu. Kizibo cha gome kikikauka husinyaa na kupitisha hewa, hivyo mvinyo lazima ukiguse. Lebo ikiwa juu unajua mashapo yamelala upande gani. Wakati wa masika lebo inaweza kuota ukungu. Zungushia chupa karatasi laini ya plastiki ya jikoni. Ukungu wa lebo haugusi mvinyo lakini unaharibu ushahidi wa chupa ni ipi.

6. Ukitaka kutunza chupa nyingi, nunua friji ya mvinyo yenye kompresa. Zile ndogo za bei rahisi zisizo na kompresa hupunguza joto kiasi fulani tu chini ya joto la chumba, kwa hiyo mchana wa Februari Moshi zitahangaika bila kufika nyuzi 13. Weka stabilaiza ya umeme. Umeme ukikatika usifungue mlango: friji iliyojaa chupa hushika ubaridi wake kwa saa nyingi, iliyo nusu tupu haishiki, hivyo jazia nafasi kwa chupa za maji.

Friji ya kawaida ya chakula ni ya siku chache. Ina karibu nyuzi 4, inakausha, inatetemeka, na ina vitunguu.

Kuifungua

Tuchukue mfano wa chakula cha Jumamosi saa mbili usiku.

7. Alhamisi jioni, isimamishe. Inyanyue taratibu, isimame wima mahali penye ubaridi, na isiguswe tena. Yale yanayoonekana kama uchafu ni rangi na tanini (ile ya zabibu inayokausha mdomo) vilivyoshikana na kuzama kwa miaka. Hayana madhara ila ni machungu na yanakwaruza ulimi. Saa 24 ni kiwango cha chini, 48 ni bora. Mhudumu uliyepewa chupa saa mbili kabla, usijaribu kuisimamisha: iache imelala kwa ulalo ule ule, ifungue ikiwa imeinama kwenye kikapu au juu ya taulo lililokunjwa, umimine hapo hapo.

8. Ipoze hadi nyuzi 16 hadi 18. "Joto la chumba" linalosemwa kwenye vitabu vya Ulaya ni la nyumba zao za baridi. Nyuzi 27 za sebule yako zitafanya kilevi kipande puani na mvinyo uonekane mzito usio na umbo. Iweke wima kwenye friji ya kawaida saa moja hadi moja na nusu. Kwenye ndoo ya maji na barafu dakika 10 hadi 15 zinatosha, lakini isitikisike. Isiingie friza kamwe.

9. Kata kofia chini ya ule ukingo wa pili wa mdomo, si juu yake, ili mvinyo usipite kwenye bati wakati wa kumimina. Futa mdomo kwa kitambaa chenye unyevu. Ukungu mweusi juu ya kizibo cha chupa ya zamani ni kawaida.

10. Toa kizibo bila haraka. Kwa chupa ya chini ya miaka 20, ingiza skrubu katikati kabisa, wima, uizungushe hadi karibu imalizike. Kizibo cha Bordeaux nzuri huwa na urefu wa karibu sentimita 5. Ukiishia nusu, unavuta nusu na nusu inabaki. Hili ndilo kosa linalokata vizibo vingi kuliko umri. Inua kwa hatua ya kwanza ya mguu, kisha ya pili, na umalizie kwa mkono ukikisokota polepole.

Kwa chupa ya zamani tumia bapa mbili. Ingiza bapa ndefu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha fupi, sukuma ukiyumbisha huku na huku hadi mpini uguse kizibo, halafu zungusha huku ukivuta. Ukiona kizibo kinashuka badala ya bapa kuingia, acha mara moja. Kimelegea na kinahitaji skrubu iliyoingizwa kwa wepesi sana.

Soma kizibo. Mashamba mashuhuri huchapa jina na mwaka juu yake, na lazima vilingane na lebo. Visipolingana, una sababu ya kurudi kwa aliyekuuzia. Wekundu uliopanda hadi juu pembeni unaonyesha kulivuja.

11. Onja kidogo kabla ya kitu kingine chochote. Mililita 20 zinatosha. Nusa, onja, subiri dakika tano, rudia. Hapa ndipo unaamua itakaa kwenye jagi muda gani. Umri wa lebo ni mwanzo tu wa hesabu:

- Chini ya miaka 10, tanini zikikausha mdomo: saa mbili hadi nne.
- Miaka 10 hadi 20: saa moja hivi.
- Miaka 20 hadi 30: nusu saa, au chini.
- Zaidi ya 30: mimina kwenye jagi wakati watu wameshakaa mezani, kwa ajili ya kutenga mashapo tu. Mvinyo wa umri huo unaweza kunukia vizuri dakika 20 kisha ukazimika.

Pinot Noir ya zamani ya Bourgogne tunapendelea isiingie kwenye jagi kabisa. Imimine kwenye glasi moja kwa moja, kwa mkono mtulivu.

12. Mimina kwenye jagi kwa mwendo mmoja. Simamisha simu tochi ikiangaza juu, chini ya shingo ya chupa, si chini ya tumbo. Inamisha chupa polepole, mvinyo uteremke kwenye ukuta wa jagi bila kupiga povu, na usiirudishe wima katikati ya kazi, maana wimbi hilo la kurudi ndilo linalovuruga mashapo yote. Macho yawe kwenye shingo. Utaona kwanza uzi mwembamba wa giza, kama moshi. Ukiyafikia mabega, simama. Utabakiza mililita 40 hadi 60. Usizionee uchungu. Hakuna glasi iliyowahi kunufaika nazo. Zitie kwenye mchuzi wa nyama.

13. Jaza glasi theluthi moja. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita ndogo, kwa hiyo chupa moja ni ya watu wanne hadi sita. Meza ya watu kumi na wawili wapewe kitu kingine kwanza.

Cha kula nayo

Tanini hulainika mbele ya mafuta na nyama. Mbuzi wa kuchoma, ndafu, ng'ombe wa kuchoma bila madoido: ni vigumu kukosea. Pilipili ndiyo adui. Inafanya kilevi kiwake na tanini ziume, na chupa ya bei kubwa inageuka chungu mdomoni mwa mtu mwenye pilipili ulimini. Weka pilipili na kachumbari ya limau pembeni kabisa, watu wamalize glasi kwanza. Samaki na tanini huacha ladha ya chuma. Kwa mvinyo mkongwe uliokwisha kuwa laini, machalari ya nyama isiyo na viungo vikali inafaa kuliko nyama iliyounguzwa kwa mkaa, kwa sababu moshi hufunika harufu zake ndogo ndogo za tumbaku, ngozi na majani makavu.

Mambo yakienda vibaya

*Kizibo kimekatika.* Usisukume. Ingiza skrubu tena kwa ulalo, kama nyuzi 45, ili ishike kipande kwa upana, na uvute ukikiegemeza kwenye kioo. Kikiangukia ndani, hakijaharibu kitu: mimina kupitia chujio lenye kitambaa cha pamba.

*Unanuka boksi lililolowa au stoo yenye ukungu.* Kizibo kilikuwa na kasoro ya kemikali iitwayo TCA. Hewa haitaiondoa, inazidi kadiri unavyosubiri. Haina madhara kwa afya, lakini mvinyo umekwisha. Hotelini, hii ni sababu halali ya kubadilisha chupa.

*Unanuka yai au kiberiti.* Tofauti kabisa na hapo juu. Hamishia kwenye jagi kwa nguvu kidogo, subiri nusu saa. Mara nyingi hupotea.

*Rangi ya kahawia, harufu ya tufaha lililopondeka au karanga.* Hewa iliingia. Ukingo wa rangi ya tofali kwenye mvinyo wa miaka 25 ni sawa. Kahawia tupu kwenye mvinyo wa miaka 8 si sawa.

*Unaonja jamu iliyochemshwa, kisha hakuna kitu.* Ulipikwa kwa joto, safarini au nyumbani. Tafuta mahali pengine pa kutunzia zilizobaki kabla hujafungua nyingine.

*Siki au rangi ya kucha.* Kidogo sana kwenye mvinyo mkongwe huvumilika. Ikitangulia puani kabla ya tunda, basi.

*Unakausha mdomo na hauna harufu.* Huenda hauna kasoro yoyote ila bado ni mchanga, au umefunga, yaani harufu zake zimejificha kwa muda. Upe saa mbili zaidi kwenye jagi. Bordeaux za mwaka 2010 na 2016 kutoka mashamba makubwa ni za namna hii, na ukiwa na ya pili na mahali penye ubaridi, isubirishe.

*Umebaki.* Rudisha kwenye chupa ndogo safi ijae hadi juu, funga, weka kwenye friji, na uitoe dakika 30 kabla ya kunywa. Mvinyo mchanga utakuwa mzuri siku mbili au tatu. Wa zaidi ya miaka 25 umalizwe usiku ule ule.